Miberi Isiyo na Miiba

Aliyemfukuzisha kazi mtani wangu ni mimi. Nilitumia maneno machache tu, mwiko mkononi, vitunguu vikiungua kwenye kikaango, na nilikuwa nacheka wakati nayasema. Sasa nimezeeka, na wazee wenzangu wakikaa kusimulia enzi za Waingereza kila mmoja anataka aonekane ndiye aliyeonewa kuliko wote. Na mimi nilionewa. Lakini habari hii si ya kuonewa kwangu, na anayetaka kunihurumia asijisumbue.

Nilikuwa mpishi Uzunguni, Dodoma, kwa mzungu mmoja mpima barabara. Bwana mwenyewe muda mwingi alikuwa porini na mahema yake, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya memsahib, mkewe. Mimi ni Mnyamwezi. Nilishuka pale stesheni kwa treni ya Tabora nikiwa kijana, nikafundishwa kuoka mikate na kupika supu zisizo na pilipili. Mwenzangu kazini alikuwa mtunza bustani, Mgogo wa upande wa Msalato, amenizidi miaka kama kumi, mrefu, ndewe za masikio zimetobolewa na kuvutwa kama desturi yao. Yeye na mkewe walikaa chumba cha mwanzo katika nyumba ya watumishi nyuma ya jiko. Mimi nilikaa cha mwisho, kilichopakana na choo. Mke wangu alikuwa bado Tabora kwa sababu aliapa kwamba hatalala kwenye harufu ile, na mimi chumba cha mtani wangu nilikitamani tangu siku niliyofika.

Miberi ililetwa na memsahib aliporudi kutoka likizo kwao Ulaya. Ilivuka bahari imefungwa kwenye magunia mabichi, ikapanda treni, ikafika na majani mawili matatu yaliyonyauka. Beri zenyewe ni matunda madogo meusi, punjepunje zilizoshikana, na mmea wake ni fito ndefu zinazotaka kuegemezwa kwenye waya. Memsahib alituita wote wawili tuangalie. Alisema miberi ya kawaida huko kwao ina miiba mikali ajabu, lakini hii ni ya aina mpya, haina hata mmoja. Akashika ufito kwa kiganja kitupu na kukipitisha toka chini hadi juu ili tuone.

Mtani wangu aliuangalia mmea ule kwa muda. Kwao kila kinachoota kina mwiba, na mwiba ni mali: ndio unaozungushiwa zizi ili fisi asiingie.

"Memsahib," alisema, "mti usio na mwiba unalindwa na nani?"

"Na wewe," akajibu memsahib, na akacheka.

Yeye alikuwa anafanya mzaha. Mtani wangu aliuchukua kuwa ni amri.

Mwaka ule mvua zilikata mapema. Mtama ulichomoza, ukafika kiunoni, ukafa umesimama. Watu walianza kuchimba mchanga wa korongo kutafuta maji, na kila wiki mashimo yalizidi kwenda chini. Uzunguni bomba lilikuwa linatoka kwa saa chache, na watumishi tuligawiwa debe moja kwa kila chumba kwa siku. Maji aliyokwisha kuogea memsahib, na maji niliyosuuzia mboga jikoni, yalikuwa ya miberi. Aliyasema hayo mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kitabuni, kisafi kuliko changu: maji haya ni ya miberi, si ya kitu kingine chochote. Mke wa mtani wangu alikuwa na kitalu kidogo cha mlenda nyuma ya chumba chao, hatua kumi tu kutoka hapo. Kikakauka huku ndoo zinapita mbele yake.

Siku moja mama huyo alichota makopo mawili ya maji hayo ya kuogea akamwagia mlenda wake. Mumewe alimwona. Hakumpiga, hakumgombeza. Alimnyang'anya kopo, akalikung'uta mpaka tone la mwisho kwenye shina la mberi, akamrudishia. Mama yule alibaki amesimama na kopo tupu. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko nikimenya viazi, na nilichofanya ni kumtania mume.

"Mtani," nilisema, "sasa nimeelewa. Una wake wawili. Mdogo ni Mzungu, na hana miiba."

Alicheka sana, kwa sababu ilikuwa lazima acheke. Inafaa nieleze jambo hili kwa vijana wa siku hizi, wanaodhani utani ni kuchekeshana tu. Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Babu zetu walipita nchi yao na mizigo ya pembe kwenda pwani, na babu zao wakawatoza kila walipotaka kunywa maji. Waligombana hadi wakachoka, na uliobaki ni utani. Mtani wako anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako. Anaweza kukunyang'anya kofia akaenda nayo. Anakuja msibani kwako kumwiga marehemu alivyokuwa anatembea. Wewe hukasiriki; ukikasirika, wewe ndiye mwenye aibu. Na ukitaniwa hukani, maana kukana ni kushindwa. Unaongeza. Akikwambia umeiba mbuzi, unajibu kwamba ulimwibia yeye, na ukamla na mama yake.

Ndivyo tulivyoishi. Asubuhi alinisalimu kwa kuniita punda wa mizigo, nami nikamwita ombaomba. Memsahib alipita, akasikia, akatabasamu. Nadhani alifikiri ndizo salamu zetu.

Miberi ilizaa mwaka wa pili, kipindi cha baridi na upepo. Si matunda mengi. Mtani wangu aliifunika kwa chandarua kilichotoboka ili ndege wasile, na mchana kutwa alikaa karibu nayo, jiwe mkononi. Memsahib alichuma bakuli moja, tukapika jamu chupa mbili, wageni wake wakaja wakaipaka kwenye mkate kidogokidogo kama dawa. Nilionja nikilamba mwiko. Ni tamu, lakini si ya kumnyima mtu mlenda wake. Nilimwuliza mtani wangu ameionaje, akasema hajui, hakuambiwa ale. Nikamwona mjinga. Sasa simwoni hivyo.

Baada ya mavuno memsahib alisoma kitabuni kwamba miberi inataka samadi. Akamwamuru achimbe mtaro kuzunguka mashina, karibu kabisa, ajaze samadi ya ng'ombe.

"Jembe litakata mizizi, memsahib," mtani wangu alisema.

"Chimba."

Akachimba. Wiki kadhaa zikapita, kisha pembeni mwa mtaro yakaanza kuchomoza machipukizi yanayotoka ardhini, manene, yenye afya kuliko mama yao. Na yalikuwa na miiba. Miiba myekundu, imejipinda, kila mahali hadi chini ya jani.

Alikuja kunichukua jikoni nikaone. Sikuwahi kumwona mtu yule na hofu kabla ya siku hiyo. Alikuwa ameyakata kwa panga mara mbili, yakarudi mengi zaidi. Alidhani ni ile samadi, pengine ng'ombe walikula mbegu fulani. Nilimshauri amwambie memsahib mapema. Akasema atamwambia Jumatatu, maana Jumapili kuna wageni. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza, na la pili alilifanya nikiwa mimi nimemfungulia njia.

Jumapili memsahib aliwapeleka wageni bustanini. Nasikia alipitisha kiganja kwenye ufito, kama kawaida yake, bila kuangalia. Alirudi jikoni peke yake, leso ya mkononi imelowa damu, uso umemwiva. Mtani wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mzigo wa kuni.

"Miberi yangu iko wapi?" aliniuliza memsahib. "Nani amepanda miiba bustanini kwangu?"

Na mimi, nikikoroga vitunguu, nikasema: "Muulize huyu mtani wangu, memsahib. Mgogo na mti usio na mwiba, wapi na wapi? Yako ameiuza, akakupandia miiba ya zizini kwao."

Nilicheka. Mtani wangu akatua kuni. Nilimwona jinsi uso ulivyofunguka, kwa kuwa hofu yake ya wiki nzima ilikuwa imepata mahali pa kupumulia. Akaongeza, kama inavyotakiwa.

"Ndiyo, memsahib, nimeiuza yote," alisema. "Na mizizi nimempa huyu mpishi akaila."

Tukacheka wote wawili. Memsahib alielewa kila neno. Kitabu alichojifunzia Kiswahili kilikuwa kizuri, ila hakikuwa na ukurasa wa utani.

"Ondoka," alimwambia. "Mpaka saa nane chumba kiwe kitupu."

Mtani wangu aliendelea kutabasamu kidogo, akidhani memsahib naye ameingia kwenye utani. Alinitazama mimi ili nimthibitishie. Nikageuza vitunguu.

Watu husema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwingine, na mpaka hapo ningeweza kujitetea kwamba sikukusudia. Kinachofuata nilikusudia. Wageni walipoondoka memsahib aliniita barazani, akaniuliza kwa upole, tena kwa utaratibu, kama ni kweli. Alisema yule mtu amekuwa mwaminifu muda wote, na anashangaa. Alikuwa ananipa nafasi. Nilihitaji kusema tu: huo ni utani, memsahib, ni desturi yetu. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Kisha nikasikia kule nyuma mke wa mtani wangu akikokota kitanda kukitoa nje ya chumba cha mwanzo, na nikafikiria ukuta wangu wa choo.

"Mimi ni mpishi tu, memsahib," nilisema. "Mambo ya bustani siyajui."

Aliandika barua ya kuachishwa kazi. Siku zile bila barua ya bwana wa zamani hupati bwana mpya, na mtani wangu hakujua kusoma. Aliileta kwangu, amefunga virago, akanipa niisome. Mimi Kiingereza cha barua kama hizo nilikijua; ni maneno yaleyale kila mara. Ilikuwa mistari mitatu. Ilisema ni mwizi, amekiri mwenyewe, asiajiriwe.

"Inasemaje, mtani?" aliuliza.

Mkewe alikuwa pembeni, kikapu kichwani, akinitazama mdomoni.

"Inasema wewe ni mchapakazi," nilimwambia. "Inasema anayetaka bustani nzuri akuchukue."

Kwa nini nilisema hivyo nimejiuliza miaka mingi, na jibu si la heshima. Nilitaka waondoke haraka, bila kilio. Alinishukuru. Aliniita punda wa mizigo, akasema nimemchinja kwa kisu butu, lakini mtani hana kosa, akanipa mkono. Mkewe hakunipa. Wiki iliyofuata mke wangu alishuka stesheni na magodoro yake, akaingia chumba cha mwanzo, akakisifu.

Mtani wangu alizunguka na barua ile. Alibisha mlango wa kila nyumba Uzunguni, kisha akaenda kwa wenye maduka ya Kihindi mjini, akaishika kwa mikono miwili na kuitoa kwa adabu. Wote waliisoma wakamfungia mlango, na nyumba moja walimfungulia mbwa. Ulikuwa mwaka wa pili wa njaa. Posho ya unga aliyokuwa akipata kwa memsahib ndiyo iliyokuwa inawalisha yeye na mkewe, na kijijini ng'ombe walikuwa wameanza kufa. Siku moja alirudi kwangu, amekonda, shingo imetoka mishipa.

"Mtani, hebu isome tena," alisema. "Huenda kuna neno uliliruka."

Nikaisoma tena. Safari hii nilimwongezea kwamba yeye ni mpole na haibi. Akafurahi, akaikunja vizuri, akaenda mtaa wa Kikuyu, palepale Dodoma, kujaribu huko.

Miezi michache baadaye alipita Bwana Shamba mmoja, mzungu mwenye ndevu nyekundu, akala chakula cha mchana kwetu. Memsahib alimwonyesha ile miiba. Nilikuwa naondoa sahani nikawasikia, na baadaye memsahib mwenyewe akanieleza kwa Kiswahili ili nielewe vizuri. Miberi ya aina ile imekosa miiba kwenye ngozi tu; mzizi wake bado ni wa miiba. Ukikata mzizi kwa jembe, kinachochipua hapo hurudi asili yake. Hakuna aliyeiba kitu. Jembe lilikata mizizi kama mtani wangu alivyosema litakata.

"Nilimkosea," alisema memsahib, na nakiri kwamba alisema kwa uchungu. "Ukimwona mwambie arudi. Aje na ile barua niichane, nimwandikie nyingine."

"Nitamwambia, memsahib."

Msalato si mbali. Ningetoka asubuhi ya siku ya mapumziko na kurudi kabla ya adhuhuri. Lakini akirudi angetaka chumba chake, na mke wangu alikuwa ameshafuga kuku pale. Tena memsahib angemwomba radhi kwa kumwita mwizi, na mtani wangu angeuliza, mwizi wapi, mbona barua inanisifu? Nilipiga hesabu hiyo nikikatakata nyama, na ilipofika jioni nilikuwa nimeamua. Memsahib aliniuliza tena mara mbili. Nilimwambia simwoni, labda amehamia Kibaigwa. Mara ya tatu hakuuliza, akaing'oa miberi yote, akapanda maua.

Habari ya kifo chake ililetwa na mama aliyekuwa akituuzia maziwa. Alisema ni homa. Mwaka ule kila aliyekufa alikuwa amekufa kwa homa, maana kusema fulani amekufa kwa njaa ni kuwatukana ndugu zake. Nikaomba ruhusa, nikaenda. Kutokwenda hakukuwezekana; mtani asipofika msibani, watu huuliza ana nini.

Nilifanya kazi yangu. Nilimpokonya mchimba kaburi jembe, nikasema mtu asilete maji hapa, huyu marehemu atayamwagia miberi. Nilitembea kama alivyokuwa akitembea, mabega mbele, ndoo mbili za uongo mikononi. Watu waliokuwa na njaa, midomo imekauka, walicheka mpaka wakashikana. Nilikuwa mtani mzuri sana siku hiyo. Kisha mjane akainuka kwenye mkeka wa wanawake, akaja mpaka pale nilipo, akafungua pindo la kaniki yake na kutoa ile barua. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo.

"Mwalimu wa misheni amenisomea," alisema. Hakupaza sauti. "Wewe alikuamini mpaka jana. Wasomee hawa ilivyoandikwa, mtani."

Nikaishika. Sikuwa na pa kukimbilia, na kwa mara ya kwanza nilitaka kusema kweli, niitapike yote pale pale. Nikasoma kwa Kiingereza, kisha nikageuza kwa Kiswahili, neno kwa neno: huyu ni mwizi, amekiri, asipewe kazi popote. Nikasema niliisoma siku ya kwanza nikamdanganya. Nikasema memsahib alimwita arudi kazini, na mimi sikumwambia, kwa ajili ya chumba.

Walicheka. Walicheka kuliko walivyocheka kwa zile ndoo. Kaka wa marehemu alijifuta machozi, akasema Mnyamwezi huyu ni kiboko, akaagiza niletewe kata ya uji, katika nyumba ambayo watoto walikuwa hawajala tangu asubuhi. Nikarudia kwamba ni kweli. Wakazidi kucheka. Mjane peke yake hakucheka. Alichukua barua mkononi mwangu, akaifunga tena kwenye pindo, akarudi kukaa kwenye mkeka.

Uji uliletwa, watu wote wakinitazama. Nikaunywa.